Wimbo Unapoingia Kichwani: Maswali Yenu Kuhusu Muziki na Afya ya Akili

Barua zinazouliza kama muziki unatibu kweli au unaliwaza tu zimekuwa nyingi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Kila ninaposhika simu naona watu wakisema muziki "unamwaga dopamini" ubongoni. Kuna aliyewahi kupima, au ni maneno tu?

JIBU: Dopamini ni kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari. Imepimwa, na namna ilivyopimwa inastahili kuelezwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, waliwatafuta watu ambao mwili huwasisimka na vinyweleo kusimama wanaposikia nyimbo wanazozipenda. Waliwadunga dawa yenye mionzi hafifu inayokaa kwenye vipokezi (sehemu za seli zinazopokea kemikali) vilevile vinavyotumiwa na dopamini, kisha wakawapiga picha za ubongo. Dopamini ikitoka kwa wingi, vipokezi hujaa na ile dawa hukosa pa kukaa. Wakati wa nyimbo walizozipenda, dawa ilikosa nafasi. Wakati wa nyimbo ambazo hazikuwagusa, ilikaa kama kawaida.

Jambo kubwa zaidi katika utafiti ule ni wakati. Sehemu ya ubongo iitwayo kodeti iliwaka sekunde chache kabla ya kilele cha wimbo, na sehemu nyingine, akambensi, ikawaka kilele kilipofika. Maana yake ubongo huanza kulipwa ukiwa bado unasubiri. Unajua kiitikio kinakuja, mwimbaji anakivuta kidogo, ngoma inanyamaza nusu pigo, na raha imeshaanza. Ndiyo sababu wimbo unaoujua vizuri hukushika kuliko mpya, hata kama huo mpya ni bora.

Mwaka 2019 watafiti wa Barcelona walikwenda hatua moja mbele. Waliwapa watu 27, kwa siku tofauti, levodopa inayoongeza dopamini, risperidone inayoizuia, na kidonge kisicho na dawa. Levodopa iliongeza raha ya muziki, risperidone ikaipunguza. Kwa hiyo dopamini haipo pale kama mtazamaji. Inashiriki kuizalisha raha yenyewe.

Endofini nazo, kemikali ambazo mwili huzitengeneza kutuliza maumivu, zimo. Mwaka 1980 mtafiti Avram Goldstein aliwadunga watu naloxone, dawa inayofunga vipokezi vya endofini, na baadhi yao, si wote, msisimko wa muziki ukapungua. Mwaka 2017 watafiti wa McGill walitumia naltrexone, dawa ya jamii hiyohiyo, na washiriki wakapoa kwa nyimbo za furaha na za huzuni pia.

Tahadhari mbili. Dopamini si maji ya furaha. Kazi yake kubwa ni kutamani, kutarajia na kujifunza, na haitoshi kumwondolea mtu sonona. Pili, ile orodha ya "kemikali nne za furaha" inayosambaa mitandaoni (dopamini, serotonini, oksitosini na endofini) inachanganya yaliyopimwa vizuri na yaliyokisiwa. Kwa serotonini, ushahidi kwamba kusikiliza wimbo tu huipandisha ni mwembamba. Kwa kortisoli, homoni ya msongo, matokeo yanapingana: katika utafiti wa mwaka 2013 uliohusisha wanawake 60, waliosikia sauti ya maji yanayotiririka kabla ya mtihani wa kutia wasiwasi ndio waliokuwa na kortisoli ya chini, si waliosikia muziki. Hata hivyo, mfumo wa neva wa waliosikia muziki ulirudi haraka kwenye utulivu baada ya mtihani.

Kwa hiyo ukituuliza ni aina gani ya muziki inayofaa, tutakurudishia swali: ni wimbo gani ambao ubongo wako umeshajifunza kuusubiri?

SWALI: Nina wasiwasi unaonipanda jioni, moyo unaenda mbio. Nimejaribu kuweka muziki wa kutuliza lakini ndio kwanza unaniudhi. Nakosea wapi?

JIBU: Pole. Pengine unaanza mwisho. Mwili uliochemka ukiwekewa wimbo wa polepole huuona kama mtu anayekuambia "tulia" katikati ya moto. Wataalamu wa tiba ya muziki hufuata kanuni iliyoandikwa na daktari Ira Altshuler katika miaka ya 1940: anza na muziki unaofanana na hali uliyo nayo, kisha ushushe kidogokidogo.

Kwanza ijue kasi ya nyimbo zako. Shika saa, gonga kidole kwa kila pigo la mdundo kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Ukipata mapigo 28, wimbo una 112 kwa dakika. Andika namba hiyo kando ya jina la wimbo. Ukishapima nyimbo 20 utaona zinajipanga zenyewe.

Sasa tengeneza orodha ya dakika 30 hivi, nyimbo saba au nane. Mbili za kwanza ziwe na kasi inayokaribia moyo wako ukiwa na wasiwasi, tuseme 110 hadi 120, lakini zisiwe na maneno ya hasira wala ya hofu. Tatu zinazofuata zishuke kwa takriban mapigo 10 kila moja. Zilizobaki zikae kati ya 60 na 70, ala chache, sauti isiyopanda ghafla. Wa mwisho uwe wa ala tupu, kwa sababu maneno huamsha mawazo.

Unapofika kwenye zile za 60, pumua kwa kufuata mdundo: vuta pumzi kwa mapigo manne, itoe kwa mapigo sita. Hiyo ni sekunde 10 kwa pumzi moja, yaani pumzi sita kwa dakika, kasi inayosaidia moyo kutulia.

Orodha ikiisha, usiruke kufungua simu. Kaa kimya dakika mbili. Mtafiti Luciano Bernardi na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba muziki wa kasi hupandisha pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na kwamba kimya cha dakika mbili kilichowekwa katikati ya vipande vya muziki kilishusha mapigo na shinikizo hata chini ya vilivyokuwa kabla ya kuanza. Hatujui kwa nini watu hukipuuza kimya hicho; ni sehemu ya dozi.

Yanayoharibu ni madogomadogo. Mpangilio wa nasibu (shuffle) umewashwa, kwa hiyo wimbo wa nne unaruka mahali pa kwanza. Tangazo linaingia kati. Ujumbe unalia. Pakua nyimbo, zima intaneti, zima mpangilio wa nasibu. Kosa kubwa zaidi ni kuijaribu orodha kwa mara ya kwanza siku wasiwasi umekukamata. Isikilize siku za utulivu, saa ileile, kwa wiki mbili, ili ubongo uifungamanishe na utulivu. Usiitumie unapofua au unapobishana na mtu, maana ubongo utaifungamanisha na hayo pia.

Wasiwasi ukifika mahali pumzi inakata na mikono inakufa ganzi, acha muziki kwanza. Kanyaga sakafu, toa pumzi taratibu, taja vitu unavyoviona. Sauti ije baadaye. Na maumivu ya kifua yanayokujia kwa mara ya kwanza usiyaite wasiwasi kabla daktari hajakupima.

SWALI: Tangu nifiwe nasikiliza nyimbo za huzuni tu. Dada yangu ananiambia ninajitia ugonjwa. Ni kweli?

JIBU: Pole sana kwa msiba. Dada yako anakutakia mema, lakini wimbo wa huzuni peke yake haumtii mtu ugonjwa. Kwa wengi hufanya kazi ya rafiki anayekaa kando bila kusema mengi: unalia, kifua kinafunguka, unalala. Hata wenye sonona, walipoulizwa kwa nini huchagua nyimbo za huzuni, wengi walijibu kwamba zinawatuliza, si kwamba wanapenda kuumia.

Hatari ipo mahali pengine. Kuna kulia kunakosonga mbele, na kuna kuzunguka palepale: wazo moja, lawama moja, "ningefanya hivi", "kwa nini mimi", wimbo uleule mara ya tisa. Mtu mwenye tabia ya kuzungusha mawazo hutoka kwenye nyimbo za huzuni akiwa chini kuliko alivyoingia, ingawa mwenyewe anaamini zinamsaidia. Hapo ndipo tungependa uwe makini, kwa sababu hisia za papo hapo hudanganya.

Jipime kwa kalamu. Kabla ya kusikiliza, andika hali yako kwa namba, 0 ikiwa chini kabisa na 10 ikiwa njema. Andika tena ukimaliza, na tena baada ya saa moja. Namba ya saa moja baadaye ndiyo yenye maana. Baada ya wiki, kama siku nyingi namba ya tatu ipo juu ya ya kwanza au sawa nayo, endelea bila hofu. Ikiwa siku nyingi ipo chini, punguza: nyimbo tatu za huzuni, kisha mbili za daraja, yaani tulivu zisizo na msiba ndani yake, kisha moja inayokuinua usimame ufanye kitu. Usitoke kwenye kilio ukaruka moja kwa moja kwenye ngoma za harusi. Utaizima baada ya sekunde 20.

Ukiona huzuni haikuachi siku hata moja, huli, hulali, au unatamani kumfuata marehemu, hilo si la nyimbo tena. Mwambie dada yako leo, na mwende pamoja kwa mhudumu wa afya.

SWALI: Nimeanza dawa za sonona miezi mitatu iliyopita. Nalala vizuri, silii ovyo, lakini muziki umekufa. Wimbo niliokuwa nikiupenda sasa nausikia kama kelele za jirani. Niache dawa?

JIBU: Usiziache ghafla. Dawa nyingi za sonona zikikatwa siku moja huleta kizunguzungu, kichefuchefu, hasira, na mshtuko kichwani unaofanana na shoti ya umeme. Na sonona yenyewe inaweza kurudi.

Unachokieleza kinajulikana. Dawa hizi kwa watu wengi hupunguza makali ya hisia zote, mbaya na nzuri pamoja. Lakini kukosa raha pia ni dalili kuu ya sonona. Kinachotofautisha ni tarehe. Kumbuka: muziki ulikufa kabla ya dawa au baada? Kama ulikuwa umeshakufa, huenda ugonjwa haujaisha na dozi ni ndogo. Kama ulikuwa hai ukafa wiki chache baada ya kuanza au kuongeza dozi, huenda ni dawa. Mpelekee daktari tarehe hizo zikiwa zimeandikwa, pamoja na mambo mengine yaliyopoa: chakula, maongezi, tendo la ndoa. Anaweza kupunguza dozi polepole au kubadilisha dawa. Wanaotumia dawa za saikosisi, yaani hali ya kusikia au kuamini yasiyokuwapo, wajue kwamba nyingi huzuia dopamini, kama ile risperidone ya Barcelona, kwa hiyo kupoa kwa muziki si jambo la ajabu kwao, na kunafaa kusemwa kliniki.

Wakati huo usijilazimishe kuupenda wimbo wako mkubwa. Kila ukiupiga bila kusikia kitu unajiongezea huzuni. Cheza kitu kinachotumia mwili: piga makofi, tembea kwa mdundo, imba pamoja na watu.

Tuongeze neno kwa wasomaji ambao hawajawahi kabisa kuguswa na muziki. Watafiti wa Barcelona walieleza mwaka 2014 kwamba wapo watu wazima wenye afya, wanaofurahia vitu vingine kama kawaida, ambao muziki hauwapi chochote. Hukadiriwa kuwa asilimia 3 hadi 5 ya watu. Masikio yao ni mazima na moyo wao si baridi. Kama wewe ni mmoja wao, yanayosemwa katika safu hii tafuta kwingine: mazoezi, bustani, maongezi.

SWALI: Kwa hiyo muziki unaweza kuchukua nafasi ya dawa au mshauri?

JIBU: Hapana. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kuchambua tafiti za afya, yalikusanya tafiti 9 zenye watu 421 wenye sonona na kuona kwamba tiba ya muziki ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida hupunguza dalili kuliko matibabu ya kawaida peke yake, kwa muda mfupi uliopimwa. Angalia neno "ikiongezwa". Angalia pia "tiba ya muziki": ni mtaalamu aliyesomea kazi hiyo, anayekaa na mgonjwa, wakapiga ala, wakatunga, wakazungumza kilichotokea. Kuvaa visikizi ukiwa kitandani ni kitu kingine, chenye manufaa yake madogo.

Hali ya chini ikikaa wiki mbili, karibu kila siku, ikakuharibia kazi, usingizi au hamu ya chakula, nenda ukapimwe. Mawazo ya kujiua hayasubiri wiki mbili; ni siku hiyohiyo, na mtu asiachwe peke yake.

Kuna wawili ambao muziki unaweza kuwachokoza. Wa kwanza ni mwenye ugonjwa wa hisia mseto (bipolar), ambao hisia hupanda mno kisha hushuka mno, anayeanza kupanda: analala kwa saa tatu tu, hachoki, sauti ipo juu usiku kucha. Muziki wa kasi humnyima usingizi, na kukosa usingizi humpandisha zaidi. Uzimwe mapema jioni. Wa pili ni anayeona maneno ya wimbo yanamtumia yeye ujumbe. Huyo apelekwe kwa mtaalamu. Lakini wapo pia wanaosikia sauti zisizokuwapo ambao hupata nafuu wakivaa visikizi na kusikiliza kitu wanachokipenda, hivyo msiwanyang'anye bila kuwauliza.

SWALI: Muziki wa usingizi: kwa muda gani, na kwa nini wimbo unabaki kichwani usiku kucha?

JIBU: Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022, yenye tafiti 13 na watu 1,007 wenye shida ya usingizi, yalionyesha kwamba wanaosikiliza muziki huripoti usingizi bora: takriban pointi 2.8 za nafuu kwenye kipimo cha 0 hadi 21. Si muujiza, ila mtu anaiona. Wengi walisikiliza kati ya dakika 25 na 60 kila siku. Nafuu hujengeka kwa wiki. Anayejaribu usiku mmoja akakata tamaa hajajaribu.

Kuhusu wimbo kugoma kutoka kichwani, kuna matokeo ya mwaka 2021 yanayowashangaza wengi: nyimbo maarufu zikichezwa kwa ala tupu kabla ya kulala ziliganda vichwani kuliko zenye maneno. Tunadhani ubongo hujaribu kujaza maneno yaliyoondolewa, na kazi hiyo huendelea hata taa zikizimwa. Kwa hiyo unaposikia "ala tupu ni bora usiku", elewa kwamba zisiwe ala za wimbo unaoujua kwa moyo. Chagua muziki mtulivu usio na kiitikio cha kunasa, ule ambao ukiisha huwezi kuuimba.

Weka kipima muda cha dakika 45 ili ujizime wenyewe. Sauti iwe chini kiasi cha kusikia pumzi yako juu yake. Tumia spika ndogo mbali na mto. Visikizi vya masikioni usiku kucha husukuma nta ndani, hutia jasho, na waya huzunguka shingo. Wimbo uliokwama hutoka kwa urahisi ukiuimba hadi mwisho badala ya kuuzima katikati, kwa sababu kinachozunguka mara nyingi ni kile kipande ambacho hakikumalizika.

SWALI: Mwanangu anasoma huku muziki unaimba, anasema Mozart anaongeza akili. Nimkataze?

JIBU: Habari hiyo ilianzia mwaka 1993, wanafunzi 36 waliposikiliza sonata, kipande cha muziki wa ala, ya Mozart, mtunzi wa Ulaya wa karne ya 18, kwa dakika 10 na kufanya vizuri kidogo katika mafumbo ya maumbo. Nafuu iliisha ndani ya robo saa, na tafiti za baadaye zilionyesha kwamba chanzo ni uchangamfu na hali nzuri ya moyo. Wimbo wowote unaokuchangamsha hufanya hivyo. Acha asikilize kabla ya kusoma. Wakati wa kusoma na kuandika, maneno ya wimbo hushindana na maneno ya kitabu mahali palepale ubongoni, hasa akiwa anaijua lugha ya wimbo. Kwa kazi ya kurudiarudia, kama kupanga daftari au kunakili, haina neno.

SWALI: Naona video za "mawimbi 432 ya uponyaji" na "midundo ya masikio mawili". Zinafaa?

JIBU: 432 ni idadi ya mitetemo kwa sekunde ya noti A, badala ya 440 iliyokubaliwa kimataifa. Tofauti hiyo ni kama theluthi ya nusutoni, yaani hatua ndogo kati ya noti mbili za kinanda zinazofuatana, na wengi hawaitambui. Mara nyingi aliyetengeneza video amepunguza tu kasi ya wimbo kwa chini ya asilimia 2. Ukitulia, ni kwa sababu muziki ni mtulivu.

Midundo ya masikio mawili ina msingi: sikio moja likipewa mitetemo 200 na jingine 210, ubongo husikia mdundo wa 10. Inahitaji visikizi masikio yote. Kwenye spika moja kitu hicho hakipo. Matokeo ya tafiti kuhusu wasiwasi yanagongana, kwa hiyo jaribu ukipenda, usilipe fedha.

SWALI: Muziki hunisaidia nikiuweka juu kabisa kwenye visikizi. Je, nina tatizo?

JIBU: Bado pengine, lakini unalitafuta. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwenye 90 umebaki na saa nne kwa wiki nzima. Kwenye 100, kama dakika 20. Kwa watoto kianzio ni 75. Seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena, na masikio yanayovuma usiku ni mzigo mkubwa kwa mtu mwenye wasiwasi au sonona. Tungesikitika kuona tiba yako ikigeuka chanzo cha dhiki.

Weka kikomo kwenye mipangilio ya simu, asilimia 60. Mara nyingi sauti hupandishwa ili kushinda kelele za nje, hivyo visikizi vinavyoziba vizuri vitakuruhusu kushusha. Kama unachokitafuta ni ule mtetemo kifuani, uupate kwa spika ya sakafuni yenye besi, umbali wa mita mbili, kwa wimbo mmoja au miwili. Masikio yakivuma baada ya kusikiliza, umeshavuka.

SWALI: Mama yangu ana tatizo la kusahau, jioni anahangaika na kulia. Nimpigie muziki gani?

JIBU: Mpigie nyimbo za tangu alipokuwa na miaka 10 hadi 30. Kumbukumbu za umri huo hushika kuliko nyingine, na nyimbo zake mara nyingi hubaki hata majina ya watoto yakipotea. Waulize ndugu zake, si wenzako wa rika lako; dini yake, kwaya yake, ngoma za ujana wake.

Anza dakika 30 kabla ya saa ngumu. Ukimngoja alie ndipo uwashe, sauti inakuwa kelele juu ya kelele. Zima televisheni kwanza. Wimbo mmoja, sauti ya kawaida ya maongezi, wewe ukiwa mbele yake ili akuone. Tazama mikono na uso: akigonga mguu au kusogeza midomo, endelea, imba naye hata kama sauti yako si nzuri. Akikunja uso, akishika masikio au kutembea huku na huku, zima. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Visikizi vinawatisha baadhi ya wagonjwa kwa sababu hawajui sauti inatoka wapi.

Upo wimbo utakaomliza kila mara, labda wa msiba wa zamani. Uandike pembeni, wote wanaomtunza waujue.

Waliouguza waliopata kiharusi nao wametuuliza. Huko Helsinki, mwaka 2008, wagonjwa waliosikiliza muziki walioupenda angalau saa moja kwa siku kwa miezi miwili, tangu siku za mwanzo, walirudisha kumbukumbu ya maneno na umakini vizuri zaidi kuliko waliosikiliza vitabu vya sauti au waliokaa bila kitu, na walikuwa na huzuni kidogo kuliko waliokaa bila kitu. Ilikuwa pamoja na matibabu yao yote mengine.

SWALI: Wimbo ulioniokoa mwaka jana umechuja. Nimeusikiliza mno. Unaweza kurudi?

JIBU: Mara nyingi unarudi. Kumbuka raha inatokana na kusubiri, na wimbo uliousikia mara 40 kwa wiki hauna tena cha kusubiriwa. Ubongo umeshamaliza hesabu zake. Uondoe kwenye orodha kabisa, usiusikie hata kwa bahati, kwa wiki sita hadi nane. Ukiurudisha, usiurudishe kwa simu ileile na kiti kilekile. Usikilize kwa spika badala ya visikizi, au utafute ulivyopigwa jukwaani, ambapo mwimbaji huchelewesha neno ulilolitegemea. Fuata kitu kimoja ambacho hukuwahi kukifuata: gitaa la besi peke yake, au waitikiaji wa nyuma.

Kwa nyimbo nyingine zinazokushika, ziwekee mgawo tangu sasa. Mara mbili au tatu kwa wiki kila mmoja, na usiuchague wimbo wako wa siku mbaya kuwa mlio wa kukuamsha asubuhi. Ndani ya mwezi utauchukia.